Siku Niliyomshinda Mwalimu Kilimani

Nilianza kuendesha baiskeli nikiwa na miaka arobaini na minne, kwa sababu ya presha. Mhudumu wa kliniki alinifunga ule mkanda mkononi, akatazama kipimo, kisha akaufunga tena kwenye mkono wa pili kama mtu asiyeamini alichokiona. Akaniambia nipunguze chumvi, niache nyama ya mafuta, na nitafute zoezi. Nikamwambia mimi ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chai, siku nzima napanda na kushuka ngazi.

"Hiyo ni kazi," akasema. "Mimi nakwambia zoezi."

Kukimbia sikutaka. Huku kwetu Kericho na Bomet karibu kila boma lina mtu aliyewahi kukimbia kweli, na ukitokea barabarani asubuhi na kitambi chako watu wanakupima kwa macho. Wasichana wa shule wanakupita wakiwa wamebeba mabegi. Baiskeli ilikuwa na nafuu kidogo, maana hakuna aliyejua mwendo mzuri wa baiskeli ni upi. Nikapata moja ya mitumba, ya mbio, tairi nyembamba, rangi ya kijani iliyochubuka chubuka. Mke wangu alikitazama kile kiti akauliza, "Sasa hapo utakaa na nini?"

Tunaishi karibu na Kabianga, nje kidogo ya mahali wanafunzi wa chuo kikuu wamejaa. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Wazazi wangu walitoka Kisii kuja kuchuma majani, wakachuma mpaka wakastaafu, wakarudi kwao. Mimi nikabaki, nikaoa, nikapata kipande cha kujengea katikati ya majirani Wakipsigis. Nilidhani naijua nchi hii vizuri. Lakini nilikuwa naijua kwa gari, na kwa gari hakuna milima. Dereva anabadilisha gia, wewe unaendelea na mazungumzo. Ni baiskeli iliyonionyesha kwamba kutoka kwangu kwenda popote ni kushuka mtoni na kupanda, kushuka mtoni na kupanda, na kwamba kila mto ulichagua kupita mahali pa chini kabisa bila kumfikiria mtu.

Wiki ya pili nilikuwa nasukuma baiskeli kwa mguu, nimeinama, koo limekauka, wachumaji wa chai wakinitazama kutoka katikati ya majani na vikapu vyao mgongoni. Nikasikia sauti ya cheni nyuma yangu. Akanipita mama mmoja wa makamo, amevaa suruali ya michezo na sweta, kitambaa kichwani na helmeti juu ya kitambaa. Hakuwa anahema.

"Chamgei," akanisalimu. Nikaitikia kwa shida. Akapunguza mwendo tukawa sambamba, mimi nikitembea, yeye akizungusha pedali polepole. "Gia yako ni nzito. Punguza kabla kilima haijaanza. Usingoje ukiwa katikati."

Kisha akaendelea zake, akapotea kwenye kona.

Kila mtu alimjua isipokuwa mimi. Alikuwa amefundisha shule za upande huu maisha yake yote, na pamoja na masomo mengine alikuwa ndiye mwalimu wa michezo. Alikuwa ameomba kustaafu mapema, karibuni tu. Baiskeli ilikuwa ya kitinda mimba wake, aliyeiacha alipoenda kufanya kazi ng'ambo. Ilikaa stoo mwaka mzima ikiwa imefunikwa gunia, mpaka siku moja mama akaitoa, akaipanguza vumbi, akaipanda. Watu wa rika lake walimwita Mwalimu, na wazee waliomzidi umri walimwita Mwalimu. Mimi pia nikamwita hivyo, na yeye aliposikia kazi yangu akaniita Fundi. Ikabaki hivyo.

Tulianza kwenda pamoja baada ya kukutana barabarani mara tatu nne. Shida ilikuwa siku. Mimi ni Msabato, Jumamosi siendi popote isipokuwa kanisani. Yeye Jumapili ni ya ibada na kwaya ya akina mama. Siku zangu za mapumziko kiwandani zilikuwa Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ikawa siku yetu. Mke wangu alitaka kujua ni mama gani huyo anayenitoa nyumbani alfajiri. Nilipomwambia Mwalimu hivyo, nikidhani atacheka, hakucheka. Jioni hiyo hiyo alikuja kwetu na chupa ya maziwa, akaketi jikoni na mke wangu kwa saa mbili. Sijui walizungumza nini. Toka siku hiyo, nikisema nimechoka sitaki kwenda, ni mke wangu aliyenitupia helmeti.

Tuliendesha miezi mingi kabla ya mambo ninayotaka kusimulia. Mara nyingine tulizunguka karibu na kurudi kabla ya mvua ya mchana, maana Kericho mvua ina saa zake. Mara nyingine tulifika Sotik, tukanywa chai na kurudi. Nilijifunza kutambua lori la majani kwa mngurumo wake kabla halijatokea kwenye kona, na nikajua ni mbwa gani hufukuza baiskeli na ni yupi hubweka tu. Nilijifunza kwamba asubuhi yenye ukungu, breki zikiloa, ni lazima uanze kuzishika mapema. Mwalimu alikuwa na sheria moja tu: anayefika juu kwanza anangoja. Haijalishi ni kilima kipi, haijalishi kuna jua au mvua. Unashuka, unasimama mahali unapoonekana, unamngoja mwenzako.

Kwa miezi yote hiyo, aliyekuwa akingoja ni yeye.

Sitaficha kwamba jambo hili liliniuma. Alikuwa amenizidi miaka kumi na minne. Alipanda bila kuinuka kwenye kiti, miguu ikizunguka kwa kipimo kile kile kama mtu anayeshona kwa cherehani, na mimi niliinuka, nikayumba kulia na kushoto, nikakaa tena. Nikifika juu nilimkuta amekunja mikono, anatazama shamba la mtu au anazungumza na mchumaji. Hakuwahi kusema neno la kunidharau. Lakini kiwandani wenzangu walijua, kwa sababu mmoja wao alitupita na pikipiki siku moja. "Fundi," wakawa wananiuliza kila Alhamisi, "jana mama yako alikungoja wapi?" Nilicheka nao. Ndani sikucheka.

Nikaanza kufanya mazoezi bila kumwambia. Jumatatu nikitoka zamu ya asubuhi nilikwenda peke yangu kwenye kilima kimoja, nikakipanda mara tatu, wiki iliyofuata mara nne. Nikapunguza ugali. Nikafunga gia nyepesi zaidi nyuma, kazi niliyoifanya mwenyewe kwenye karakana ya nyumbani. Kliniki wakafurahi, presha ilikuwa imeshuka vizuri. Mhudumu akaniambia niendelee hivyo hivyo. Lakini wakati huo presha nilikuwa nimeisahau.

Mwalimu ndiye aliyeleta mpango wa Mulot. Dada yake mdogo ameolewa kule, mbele ya Bomet, kwenye barabara ya kwenda Narok. Wana ng'ombe na kondoo, na wanalima mahindi na ngano. Mpango ulikuwa twende siku moja, tulale kwa dada, turudi siku ya pili. Niliomba ruhusa kazini. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote tulizowahi kufanya, na Mwalimu aliipanga kama anavyopanga mwalimu: chai Sotik, chakula Bomet, Mulot kabla ya saa kumi.

Tuliondoka kwangu kukiwa kumepambazuka vizuri. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na barabara ndogo ya kupitia mashambani ilikuwa na madimbwi. Tulipofika barabara kuu ya kwenda Sotik, lami ilikuwa inafuka mvuke kwenye jua la kwanza. Tukashuka kwenda Chemosit. Pale mto unapita chini, halafu barabara inapanda kuelekea Litein, na huo mwinuko ndio ulionitesa kuliko yote. Hauna ukali wa kutisha. Ni mrefu tu, na una kona zinazokudanganya kwamba umefika.

Katikati ya kilima nikagundua kwamba nilikuwa sambamba naye, na kwamba nilikuwa bado nina pumzi. Nilimtazama pembeni. Jasho lilikuwa limeshuka hadi kwenye kidevu, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Nikaongeza kidogo. Akabaki nyuma, upana wa gurudumu kwanza, kisha urefu wa baiskeli, kisha sikusikia tena cheni yake. Nilipoingia kona ya mwisho nilikuwa peke yangu barabarani.

Nilifika juu. Palikuwa na mahali petu pa kusimama, karibu na banda la kuuzia majani chai, ambapo yeye huegemeza baiskeli yake kwenye nguzo. Hapo ndipo nilipopaswa kushuka na kungoja. Nakumbuka vizuri nilichofikiria, kwa hiyo siwezi kusema kwamba nilisahau. Nilifikiria: nikisimama hapa, atafika baada ya dakika moja au mbili, na atasema vizuri Fundi, na itakuwa imeisha. Lakini nikienda mpaka Sotik, anikute nimeshakunywa kikombe cha kwanza, hiyo itakuwa kitu.

Sikusimama. Nilipita lile banda nikiwa nimeinama juu ya usukani. Nikapita Litein katikati ya watu wa soko, nikashuka upande wa pili kwa kasi ambayo sikuwahi kuishika na yeye akiwa mbele yangu. Upepo ulikuwa unanitoa machozi. Nilifurahi, nalo hilo sitalificha. Furaha ya namna ile sikuwa nimeipata tangu utotoni.

Sotik niliketi kwenye hoteli yetu ya kawaida, mahali ambapo naweza kuiona barabara. Nikaagiza chai na mandazi. Nikanywa kikombe cha kwanza polepole, nikitunga maneno ya kumwambia. Nikaagiza cha pili. Niliona malori, niliona mama mmoja akivusha ng'ombe, niliona pikipiki zikiwa na makreti ya mikate. Kikombe cha pili kikapoa. Nikamwambia mwenye hoteli kwamba namngoja mwenzangu. "Yule mama?" akauliza. "Leo amechelewa."

Simu ya Mwalimu iliita bila kupokelewa. Nikapiga tena. Nilikuwa nimesimama karibu na baiskeli yangu, sijui niende au nikae, mwanaboda mmoja aliposimama mbele yangu na kunitazama kuanzia helmeti hadi viatu.

"Wewe ndio mwenzake na mama wa baiskeli?"

"Ndiyo."

"Ameanguka hapo chini ya Litein. Wamempeleka hospitali. Amesema kuna mtu wa baiskeli yuko mbele, watu wamwangalie asije akawa pia ameumia."

Niliacha baiskeli pale hotelini, nikapanda pikipiki yake. Njiani alinieleza alivyoona. Trekta lilikuwa limetoka shambani na kuacha tope jekundu kwenye lami, pale barabara inaposhuka na kupinda. Yule mama alikuja kwa kasi. Tairi la mbele likateleza, akaenda chini kwa bega. Watu wa karibu walimbeba hadi kwenye pikapu.

Nilimkuta ameketi kitandani, mkono wa kulia umefungwa kwa kitambaa shingoni, shavu limechunika. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, ule unaotoka shingoni. Nilisimama mlangoni na helmeti yangu mkononi. Aliponiona uso wake ulilegea, na nikaelewa kwamba alikuwa na wasiwasi kwa ajili yangu.

"Uko sawa?" akaniuliza.

"Niko sawa, Mwalimu. Pole sana."

"Sikukuona pale juu," akasema. "Nikangoja kidogo. Nikasema labda umeshuka ukaanguka mahali. Ndio nikaongeza mwendo."

Kama kuna maneno ninayoweza kuyarudia neno kwa neno katika maisha yangu, ni hayo. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anaeleza tu, kama mtu anavyomweleza daktari. Na hapo, kabla sijafikiri, nikasema uongo.

"Cheni ilitoka," nikasema. "Pale Litein. Niliingia nyuma ya duka nikairudisha. Nikadhani umenipita wakati huo, ndio nikakufuata."

Alinitazama kwa muda. Akatazama mikono yangu iliyoshika helmeti. Kisha akafumba macho, akasema bega linauma, nimwitie muuguzi.

Mume wake alifika mchana. Ni mfugaji, mtu mpole, mrefu, asiye na maneno mengi. Nilimweleza hadithi ile ile ya cheni, na mara ya pili ilitoka kwa urahisi zaidi kuliko ya kwanza, jambo lililonitisha. Akaitikia kwa kichwa. Akauliza kama nimekula. Jioni binti yao aliye Nakuru akanipigia simu. Ni muuguzi, na alizungumza kwa heshima sana.

"Anko, sikulaumu," akasema. "Lakini mama yangu ana karibu miaka sitini. Tafadhali usimwite tena kwa hiyo baiskeli."

Nikamwahidi.

Nilimtembelea Mwalimu wiki iliyofuata na mke wangu. Mke wangu alibeba unga na ndizi, akaingia jikoni kusaidia. Mimi nilibaki nje na mume wake wakati anakamua. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nilitamani hata ayaseme. Alimaliza kukamua ng'ombe wa kwanza, akamwaga maziwa kwenye kopo, akasema bila kugeuka:

"Baiskeli yake iko kwa stoo. Usukani imepinda na gurudumu ya mbele. Ukipata nafasi uiangalie."

"Binti yenu amesema asiendeshe tena."

"Ndio. Binti amesema." Akavuta kigoda hadi kwa ng'ombe wa pili. "Wewe uiangalie tu."

Niliipeleka kwangu. Gurudumu lile nililitengeneza jioni nyingi, nikikaza spoki moja, nikilegeza nyingine, nikilizungusha na kulitazama linavyoyumba. Kazi hiyo ningeweza kuimaliza kwa siku mbili, nikaifanya kwa wiki tano. Usukani haukunyooka, nikatafuta mwingine. Nikabadilisha nyaya za breki. Kila nilipochafua mikono nilifikiria ile hadithi yangu ya cheni, na kila nilipoosha mikono kwa sabuni ya unga na mchanga niliona haya zaidi. Yangu mwenyewe, niliyokuwa nimeifuata Sotik, niliitundika ukutani. Jumatano nilibaki nyumbani. Kiwandani wenzangu waliacha kuniuliza swali lao la Alhamisi.

Mke wangu alijua. Sikumwambia, alijua tu. Usiku mmoja tukila alisema, "Hiyo cheni yako ilitoka mara ngapi?" Nikamwambia mara moja. Akasema, "Haya," akaendelea kula.

Mwalimu alianza kutembea, kisha kutembea haraka. Baada ya miezi minne hivi, asubuhi ya Jumatano moja, nilimkuta kwenye lango langu kwa miguu, amevaa suruali ya michezo na helmeti.

"Nimekuja kuchukua baiskeli yangu," akasema.

"Binti yako nilimwahidi."

"Wewe ulimwahidi kwamba hutaniita. Umeniita?"

"Hapana."

"Basi. Toa na yako."

Tulikwenda polepole, kwenye barabara ya karibu tu, ile ya mashambani. Alikuwa anashika breki kila mteremko, hata midogo. Nilikaa nyuma yake. Tulipofika kwenye kilima cha kwanza nilibaki nyuma vile vile, na nilipoona miguu yake imechoka nikabaki nyuma zaidi. Alipofika juu akashuka, akasimama, akaningoja kama zamani. Nami nikashuka nikasimama mbele yake.

"Mwalimu," nikasema, "cheni haikutoka."

"Najua."

Nikangoja. Akafungua chupa ya maji, akanywa.

"Wewe ni fundi," akasema. "Cheni ikitoka unairudisha na mikono. Uliingia kwa hiyo wodi na mikono safi kama ya karani."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa na maumivu. Baadaye nikasema ngoja nione atakaa nayo muda gani." Akafunga chupa. "Umekaa nayo sana, Fundi. Mpaka mume wangu ameniuliza kama umekasirika na sisi."

Nilimweleza basi jinsi ilivyokuwa, pamoja na kikombe cha kwanza cha chai na maneno niliyokuwa nayatunga. Sikuacha kitu. Wachumaji walikuwa wanapita na vikapu vitupu wakielekea shambani, wakatusalimu, tukawasalimu. Alisikiliza akitazama bonde. Nilipomaliza akarudisha chupa ya maji mahali pake.

"Nimefundisha michezo miaka mingi," akasema. "Mtoto akishinda mara ya kwanza haangalii nyuma. Hiyo naielewa. Lakini wewe si mtoto. Na mimi nilikuwa na hofu, Fundi. Nilikuwa natazama kwa mitaro nikishuka, badala ya kutazama barabara."

"Nisamehe."

"Nimeshakusamehe, kitambo. Lakini nilitaka ujue hiyo ya mitaro."

Akapanda baiskeli. Nami nikapanda.

Binti yake alisikia, bila shaka, na akanipigia. Nilimweleza nani alikuja kumchukua nani. Akasema, "Huyo ni mama, sasa nitafanya nini," akaniomba angalau tusiende mvua ikiwa imenyesha. Hilo nililishika, na hata leo nalishika. Lami ikiwa na tope, tunakunywa chai nyumbani.

Mulot tulifika mwishoni mwa msimu wa jua, karibu mwaka mmoja baada ya ile safari iliyokatika. Tulipanda kutoka Chemosit kwa mwendo wa mazungumzo. Juu, kwenye banda la majani, tulisimama wote wawili. Chini ya Litein alishuka kwenye kiti akasukuma baiskeli kwa mguu mpaka ile kona ikapita, na mimi nikashuka nikasukuma pia. Sotik tulikunywa chai. Kutoka hapo hadi Bomet milima ilikuwa mingi kuliko nilivyodhani, na bega lilianza kumsumbua. Alikuwa akiendesha kwa mkono mmoja penye tambarare ili aupumzishe wa pili.

Mbele ya Bomet nchi inabadilika. Chai inapungua, kisha inakwisha, na unaona mahindi, halafu ngano, na miti iliyosimama mbali mbali. Mbingu inakuwa kubwa. Sikuwahi kuendesha mahali ambapo naweza kuona barabara ninayokwenda kwa umbali ule wote. Upepo ulitupiga ubavuni na malori ya Narok yalitusukuma pembeni. Mwalimu alikuwa mbele yangu, kitambaa chake kinapepea chini ya helmeti, na nilimwona akigeuza kichwa kila baada ya muda. Mwanzoni nilidhani ni shingo. Kisha nikaelewa anaangalia kama bado nipo. Nikawa nainua mkono kila alipogeuka.

Dada yake alikuwa amesimama kando ya barabara tangu mchana. Ni mfupi kuliko Mwalimu, ana sauti kubwa. Walikumbatiana, kisha dada akampapasa lile bega juu ya sweta, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa sokoni. Wakazungumza Kipsigis haraka haraka, nikasikia neno baiskeli na neno mzee. Tulikaribishwa mursik, maziwa yaliyoganda kibuyuni, kwenye vikombe vikubwa, ile ya mkaa mwingi, na ugali na mboga za kienyeji na kuku. Nilikula kama mtu ambaye hajawahi kwenda kliniki. Shemeji yake, mwenye nyumba, alitaka kujua kama kweli tumetoka Kabianga kwa miguu yetu wenyewe, na kwa nini, ilhali kuna magari.

Mwalimu alimeza kwanza. "Huyu daktari alimwambia," akasema, akinionyesha kwa kidole. "Mimi hakuna aliyeniambia."

Asubuhi upepo ulikuwa umegeuka, unatoka Bomet, unakuja usoni mwetu. Tuliendesha kilomita chache tu kabla Mwalimu hajasimama. Alikuwa ameshika bega na uso wake ulikuwa wa majivu.

"Leo siwezi," akasema.

Alilisema kama anavyosema mtu kwamba hakuna sukari. Tulisimamisha pikapu iliyokuwa imebeba kondoo kwenda mnada upande wa Sotik. Dereva alifunga baiskeli zetu juu kwa kamba ya katani, tukaketi mbele watatu, Mwalimu dirishani. Kabla hatujafika Bomet alikuwa amelala, kichwa kwenye kioo, helmeti mapajani. Kondoo walikuwa wanalia nyuma. Dereva aliniuliza kama ni mama yangu. Nikamwambia hapana, ni mwalimu wangu. Akaniuliza alinifundisha shule gani, na kwa kuwa njia ilikuwa bado ndefu, nikaanza kumweleza.